Kushindana kwa baiskeli ukiwa na kazi ya kuamkia

Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, dhahabu ya mbio za barabarani za wanawake ilichukuliwa na Anna Kiesenhofer wa Austria, mwanahisabati aliyekuwa mtafiti wa chuo kikuu mjini Lausanne na asiye na mkataba na timu yoyote ya kulipwa. Alichomoka na wenzake wachache mara tu bendera iliposhushwa, akawaacha mmoja baada ya mwingine, akamaliza kilomita kama 40 za mwisho peke yake. Alivuka mstari dakika 1 na sekunde 15 mbele ya Annemiek van Vleuten wa Uholanzi, ambaye alipofika aliinua mikono akidhani ameshinda yeye. Watu hukumbuka ile mikono. Kwangu cha kukumbukwa zaidi ni kwamba mazoezi, chakula na mbinu za siku ile Kiesenhofer alijipangia mwenyewe.

Mapafu yake hatuna. Kinachoigika ni hesabu. Mtu anayeshindana kwa ridhaa hupambana na wiki yake kabla hajapambana na mtu mwingine. Wiki ina saa 168. Toa kazi, usingizi, njia, watoto, kufua na kupika, zitabaki saa sita hadi kumi ukiwa na bahati. Basi kila ushauri wa baiskeli, na kila kifaa unachotamanishwa, kipime kwa swali moja: kinanirudishia nini kwa saa nilizo nazo? Vitu vingi vinavyosifiwa havipiti hapo, na vinavyopita mara nyingi havina mvuto wa kupigwa picha.

Tuanze na uzito, maana ndio ugonjwa mkubwa. Mpanda baiskeli wa kilo 70 mwenye baiskeli, maji na nguo za kilo 10 anapandisha kilo 80. Akipunguza gramu 300 kwa kununua magurudumu mepesi, amepunguza chini ya asilimia 0.4. Kwenye mlima wa dakika 30 hizo ni sekunde saba hivi, na hapo nimefanya kana kwamba hakuna upepo kabisa. Kwenye barabara tambarare tofauti hiyo huwezi hata kuipima. Sheria ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, ya kilo 6.8 kuwa uzito wa chini wa baiskeli ipo tangu mwaka 2000, na wapo watu wanaoshindana ngazi ya chini kabisa wanaosononeka kwa sababu baiskeli zao zina kilo 8. Chupa mbili kubwa za maji zilizojaa zina uzito zaidi ya huo unaowanyima usingizi.

Upepo ndio unaokula nguvu. Nguvu ya kuupasua hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo: kutoka kilomita 35 kwa saa hadi 40, unahitaji karibu nusu tena ya wati zilizokuwa zinapambana na hewa. Na sehemu kubwa ya ukinzani huo, kama robo tatu au zaidi, inatokana na mwili wako. Fremu na magurudumu ni kiporo kilichobaki. Mwaka 1993 Graeme Obree wa Scotland aliendesha kilomita 51.596 ndani ya saa moja kwenye uwanja wa Hamar, Norway, na kuvunja rekodi ya dunia kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ndani yake mkiwa na beringi zilizotolewa kwenye mashine ya kufulia. Siri yake ilikuwa namna alivyokunja mikono chini ya kifua. Mkao huo ulipigwa marufuku mwaka uliofuata, lakini fizikia haikupigwa marufuku.

Kwa mshindani wa kawaida, faida ya bure ipo kwenye viwiko. Shika vishikio vya breki, kunja viwiko mpaka mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo ilale karibu usawa wa barabara, shusha kichwa kidogo katikati ya mabega. Mkao huo unapita hewani vizuri kuliko kushika sehemu ya chini ya usukani huku mikono imenyooka, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wajaribu kwenye mteremko uleule mara mbili. Ugumu wake ni kuudumisha. Mgongo na shingo vinahitaji kuzoezwa: dakika tano, kisha kumi, ndani ya mazoezi ya kawaida, mpaka ufikishe ishirini bila kuinuka. Ndiyo maana nawapinga wanaoondoa ringi zote chini ya usukani ili baiskeli ionekane ya kikazi. Usukani ulioshushwa hadi ushindwe kuukalia kwa zaidi ya dakika kumi ni wa polepole kuliko ule wa juu unaoukalia saa mbili. Kulaza mikono juu ya usukani bila vishikio maalumu, na kukaa juu ya fremu kwenye mteremko, UCI iliviondoa mwaka 2021. Ukiviona kwenye video za zamani viache huko.

Kuhusu kiti, pa kuanzia ni kanuni ya zamani iliyoenezwa na Greg LeMond: pima urefu wa mguu kwa ndani kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, ukiwa bila viatu na umebana kitabu kikubwa katikati ya mapaja, zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 84 unatoa 74.2. Hiyo ni kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa bomba la kiti. Viatu na pedali za siku hizi ni vyembamba kuliko vya enzi hizo, kwa hiyo toa milimita tatu hivi. Kisha sikiliza mwili. Maumivu mbele ya goti mara nyingi husema kiti kiko chini. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga zinazoyumba kulia na kushoto ukitazamwa kwa nyuma, husema kiko juu. Ganzi ya vidole vya miguu huisha kwa kurudisha kleti, vile vishikizo vya chini ya viatu, nyuma kwa milimita chache. Ganzi ya mikono mara nyingi chanzo chake si usukani: pua ya kiti imeinama mno na mwili unateleza mbele. Badilisha kitu kimoja, milimita mbili au tatu kwa mara, na kabla ya kulegeza bolti yoyote zungushia utepe wa gundi alama ya pale kilipokuwa. Mtu anayebadili kiti, kleti na usukani siku moja hatajua kilichomuumiza wala kilichomponya.

Matairi ndipo pesa ya mshindani wa ridhaa inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Milimita 23 zilizokuwa sheria isiyoandikwa zimepitwa. Tairi la milimita 28, hata 30 kama fremu inaruhusu, lenye pande laini na upepo wa kiasi, linakwenda kasi kuliko jembamba lililojazwa likawa kama jiwe. Sababu ni barabara halisi, ambayo si kioo. Tairi gumu likikutana na kokoto linakuinua wewe na baiskeli nzima, na nguvu hiyo inaishia kutikisa nyama zako badala ya kukusogeza. Laini linaimeza kokoto na kuendelea. Hisia inadanganya hapa, kwa sababu mtikisiko huhisika kama kasi.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28 kwenye lami ya wastani, anza na psi 65 mbele na 68 nyuma (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye geji ya pampu). Ongeza au punguza psi 1 kwa kila kilo 2 za tofauti ya uzito. Mvua ikinyesha, toa psi 5 pande zote. Ukipiga shimo ukasikia rimu ikigonga, umeshuka mno. Mikono ikiwasha baada ya saa moja, umepanda mno. Kama rimu zako hazina ndoano za kushika ukingo wa tairi, kikomo ni bar 5, yaani psi 72.5, na hicho si ushauri: juu yake tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukiwa mteremkoni. Tumia pampu ileile kila siku. Geji za pampu hutofautiana, na kinachokufaa ni kulinganisha namba zako na namba zako. Tyubu za kawaida hupoteza psi chache kwa wiki, za mpira mwembamba wa asili hushuka ndani ya usiku mmoja. Kwa hiyo upepo unapimwa kila safari, hata kama jana ulijaza.

Pancha pia ina elimu yake. Weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma kabla ya kutoa gurudumu. Litatoka bila vita. Unapofunga tairi jipya, panga maandishi yake yakae sawasawa na vali. Siku ya pancha utalinganisha tundu la tyubu na tairi na kwenda moja kwa moja kwenye mwiba. Matundu mawili yaliyo sambamba yanasema upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu. Tundu upande wa ndani, ule unaotazama rimu, linasema utepe wa rimu umesogea na tundu la spoku limeikata. Pitisha vidole ndani ya tairi lote, taratibu, kabla ya kuweka tyubu mpya. Pancha ya pili dakika kumi baada ya ya kwanza karibu kila mara ni mwiba uleule ulioachwa ndani.

Kwa wenye tyubulesi, matairi yasiyo na tyubu ndani, hilo la mwisho lina uzito zaidi. Dawa ya kuziba huficha miiba: tairi linaweza kuwa limebeba miiba mitano iliyoziba yenyewe, na siku ukilazimika kuweka tyubu, yote mitano inangoja. Weka mililita 30 hadi 40 za dawa kwa tairi la milimita 28, ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa sababu hukauka, na tembea na tyubu hata hivyo. Kwenye presha za barabarani, tundu kubwa hurusha dawa yote nje kabla haijaganda, kwa hiyo uwe na vipande vya kuzibia pamoja na kifaa chake. Na hakikisha nati ya vali unaweza kuilegeza kwa vidole. Iliyokazwa kwa koleo nyumbani haitafunguka kando ya barabara.

Cheni sasa. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo watu wanapopoteza pesa bila kuona. Cheni hairefuki kwa kuvutwa. Pini na matundu yake hulika, na kila kiungo kinaongeza nafasi ndogo. Umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo hatua 24 ni milimita 304.8. Kwa baiskeli zenye gia 11 au 12 nyuma, ikifika milimita 306.3, yaani asilimia 0.5 zaidi, itoe. Ukingoja, meno ya kaseti, lile rundo la gia za nyuma, yatalika kufuata umbo la cheni iliyochoka, na kaseti ni ghali kuliko cheni. Anayebadili kwa wakati hutumia cheni tatu au zaidi kwenye kaseti moja. Anayechelewa hununua vyote pamoja, na mara nyingi na sproketi za mbele. Kosa baya zaidi ni kuweka cheni mpya kwenye kaseti iliyolika usiku wa kuamkia mashindano: kwenye mazoezi mepesi itaonekana salama, ila ukisimama kukimbilia mstari itaruka meno, na ikiruka wewe unatua juu ya bomba la fremu.

Mimi ni mtu wa nta. Mafuta ya chupa hushika vumbi na kugeuka msasa unaozunguka. Nta kavu haishiki. Kazi ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo inayofeli. Cheni mpya inakuja na grisi ya kiwandani, na grisi hiyo lazima iishe kabisa: iweke kwenye chupa yenye spiriti ya kusafishia rangi, tikisa, mwaga, rudia mara mbili au tatu mpaka kimiminika kibaki safi, kisha suuza kwa alkoholi na uache ikauke. Fanya hivyo nje, mbali na moto. Yeyusha gramu 500 hivi za nta ya parafini, ile ya mishumaa, kwenye chungu cha umeme chenye joto dogo, nyuzi 85 hadi 90. Usitumie moto wazi. Zamisha cheni dakika kumi, itikisetikise mpaka mapovu yakome kutoka kwenye viungo. Zima, acha nta ianze kushika utando juu, ndipo uinue cheni na kuitundika. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo. Ikunje kwenye bomba kiungo kwa kiungo, kisha ifunge. Gia zitakuwa nzito dakika ishirini za kwanza, ni kawaida. Ikitoka nyeusi na kulia baada ya siku mbili, grisi haikuisha.

Kilomita 300 hivi za barabara kavu, kisha unarudia kuzamisha tu bila kusafisha kwa spiriti. Ukinyeshewa, futa cheni siku hiyohiyo na uizamishe tena, kwa kuwa nta ikishapenywa na maji haizuii kutu. Kiungio cha kufungulia cheni kwa gia 12 watengenezaji wengi wanasema kitumike mara moja tu, hivyo kiingize kwenye hesabu. Kama yote haya yanakuchosha, tumia mafuta: tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedali nusu dakika, acha yapenye, kisha futa kila kinachoonekana kwa nje. Anayeacha kufuta ndiye anayeleta mchanga.

Breki za diski zinataka jambo moja: zisiguswe na mafuta. Dawa ya kupulizia iliyorushwa karibu na kaseti inatosha kuharibu pedi za nyuma. Diski unaweza kuifuta kwa alkoholi. Pedi iliyokwishanywa mafuta mara nyingi hairudi. Pedi mpya zizoeshwe, mara 20 hivi za kushika breki kwa nguvu ya kati kutoka kwenye mwendo hadi karibu kusimama bila kusimama kabisa, vinginevyo zitapiga kelele na kushika ovyo. Kuhusu bolti sina la kubishana: spana yenye kipimo cha nguvu. Bolti nyingi za usukani huishia Nm 5, na namba imeandikwa palepale. Kifaa cha kaboni, zile nyuzi nyepesi zinazotumika badala ya chuma, kikikazwa kwa kukisia hupasuka ndani bila kuonekana.

Sasa mazoezi. Mwenye saa nane anataka kuzijaza jasho zote, akiamini kwamba kwa kuwa ni chache lazima kila moja iume. Matokeo yake ni wiki nzima ya mwendo wa katikati: mzito mno kupumzisha, mwepesi mno kujenga. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza namna wanamichezo wa ustahimilivu wanavyogawa mazoezi yao, alionyesha kwamba walio bora hufanya takriban vipindi vinane kati ya kumi kwa upole. Kwa mwenye saa chache uwiano unaweza kulegea kidogo, ila kanuni inabaki: siku ngumu mbili kwa wiki, tatu mara chache sana, na zilizobaki uendeshe ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Siku ngumu ziwe ngumu kwa mpangilio. Kama una kipima wati, endesha dakika 20 kwa nguvu zako zote zilizo sawasawa na uzidishe wastani kwa 0.95, hicho ndicho kizingiti chako, yaani nguvu unayoweza kuihimili kwa saa moja hivi. Siku moja fanya vipindi vinne vya dakika 8 kidogo juu ya kizingiti, na mapumziko ya dakika 4 katikati. Siku nyingine vitano vya dakika 4, vikali zaidi, na mapumziko ya dakika 3 au 4. Kanuni ya kujua kama umepatia: kipindi cha mwisho kilingane na cha kwanza. Ukianza kwa wati 330 ukamaliza na 270, ulianza kwa sifa. Ukikosa kipimo, tumia kupumua. Mapigo ya moyo huchelewa kupanda na kwenye vipindi vifupi yatakudanganya.

Safari za kundi za mwisho wa wiki ni tamu na zinafundisha kupanda karibu na wengine. Mazoezi kamili haziwi. Kila mlima mdogo hugeuka fainali, na Jumanne miguu haina kitu. Nenda, lakini uihesabu kuwa siku ngumu, usiibandike juu ya mbili ulizo nazo.

Njia ya kwenda kazini ni hazina inayodharauliwa. Dakika 40 kwenda na 40 kurudi, siku nne, ni zaidi ya saa tano za mwendo mwepesi ambazo familia haikuzikosa. Masharti yapo. Tumia baiskeli nyingine, ya zamani, yenye matairi ya milimita 32 au zaidi yaliyokingwa dhidi ya miiba, na bati za kuzuia matope. Mizigo ibebwe na baiskeli kwenye mikoba ya pembeni, si mgongo. Ukitaka kufanya vipindi vikali, fanya ukirudi. Asubuhi kuna foleni, kuna saa ya kuripoti, na hutaki kukaa na wenzako ofisini huku jasho halijakauka. Pita umbali wa mlango uliofunguka kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa, karibu mita moja, hata kama anayekufuata anapiga honi. Na usikimbizane na mtu aliyevaa koti lake akienda zake kazini. Hajui kama yuko kwenye mashindano.

Nyumbani, deni la mwendesha baiskeli halitokani na kuondoka. Linatokana na kurudi saa nane mchana baada ya kuahidi saa sita. Anayeomba muda wa saa tatu akatumia saa tatu na nusu, kila wiki, atanyimwa hata saa mbili, na atakuwa amestahili. Panga njia inayopita karibu na nyumbani mara kadhaa ili uweze kukatisha, na saa uliyotaja ihesabiwe mpaka umeoga na baiskeli imefutwa. Alfajiri nayo isiabudiwe. Aliyelala saa sita usiku akaamka saa kumi na moja kufanya vipindi vya dakika 4 anajichosha bila kujijenga, kwa sababu mwili hujengeka usingizini. Mapigo ya asubuhi yakiwa juu ya kawaida yako kwa matano hadi kumi, na moyo ukigoma kupanda hata unapokaza, rudi kitandani bila hatia.

Kula juu ya baiskeli kumefanywa biashara kubwa kwa jambo ambalo unaweza kulichanganya jikoni. Chini ya saa moja, maji yanatosha. Zaidi ya hapo lenga gramu 60 za wanga kwa saa, na hadi 90 kwenye mbio ndefu kama tumbo limezoezwa. Kwenye chupa ya mililita 750 weka gramu 60 za sukari ya kawaida, vijiko 15 vya chai vilivyosawazishwa, na gramu moja ya chumvi, chini ya robo ya kijiko cha chai. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na utumbo hupitisha hizo mbili kwa milango tofauti. Ndiyo maana mchanganyiko huo unabeba zaidi kuliko glukosi peke yake. Anza kunywa ndani ya dakika 20 za kwanza. Njaa ikishafika umechelewa kwa nusu saa. Tumbo likicheza, mara nyingi umekoleza mno, basi ongeza maji matupu. Jipime uzito kabla na baada ya safari ya joto: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Na usipunguze chakula siku za mazoezi makali ukitafuta kukonda. Nguvu zitapotea kabla ya mafuta.

Siku ya mashindano kazi yote iwe imeshafanyika. Betri ya gia za umeme, kama unazo, imechajiwa, namba imebanwa kwa pini za kutosha isipepee, hakuna kitu kipya kwenye baiskeli wala tumboni. Mbio zikiwa fupi, joto la mwili liandaliwe zaidi: dakika 20 hadi 25 kwa mbio za mzunguko wa mjini, kwa kuwa kasi kali inaanza kwenye mita ya kwanza.

Ndani ya kundi, kujikinga upepo nyuma ya wenzako kunakuokolea robo ya nguvu zako au zaidi, ila mahali pa kujikinga si pote sawa. Nyuma kabisa ndiko kugumu. Kwenye kona wa mbele hupunguza kidogo, wa nyuma husimama karibu kabisa, kisha wa mbele wanapotoka polepole wa nyuma wanakimbizwa kama wamechelewa gari moshi. Mara 40 za hivyo na miguu imekwisha bila hata shambulio moja. Kaa kwenye theluthi ya mbele, na kila unaposukumwa nyuma rudi sehemu rahisi, kabla ya kona, si baada yake. Tazama mbali kupitia mabega ya wenzako, usikodolee gurudumu lililo mbele yako. Gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako. Mkigusana, anayeanguka ni wa nyuma.

Zamu yako ya kuvuta ikifika, tazama mwendo kwenye kompyuta na uushike uleule. Kosa la wageni ni kuongeza kasi kuonyesha kwamba wamo, na hapo mnyororo wa watu unakatika na kila mtu analipa. Vuta kwa sekunde chache unazozimudu, jiondoe pembeni, legeza, ingia nyuma. Upepo ukitoka ubavuni kinga iko pembeni nyuma ya mwenzako, upande usiovuma, na barabara ina upana wa watu wachache tu. Aliyebaki kwenye ukingo bila nafasi anaendesha peke yake ingawa yuko kundini.

Kuanguka kutakuja. Ukigonga kichwa, mbio zimeisha siku hiyo, hata kama unajisikia mzima. Kuchanganyikiwa na kichefuchefu vinaweza kuchelewa, na anayekushangilia urudi barabarani hatakuwepo usiku. Kabla ya kuendesha tena, simama nyuma ya baiskeli uangalie kibadilisha gia cha nyuma. Kikiwa kimeinamia ndani, kile kipande kidogo cha chuma kinachokishikilia kimepinda. Ukiweka gia kubwa kabisa ya nyuma kitaingia kwenye spoku, na hapo utapoteza gurudumu, kibadilisha gia, na pengine fremu. Kipande hicho ni cha bei ndogo na kila fremu ina umbo lake, hivyo nunua cha akiba siku unayonunua baiskeli. Kaboni ipitishe mkono na mwanga pembeni ukitafuta nyufa, gonga kwa sarafu sehemu nzima kisha iliyogongwa. Mlio uliofifia ghafla ni sababu ya kumpelekea fundi mwenye ujuzi wa kaboni. Kofia ngumu iliyopiga ardhi na kichwa ndani yake haitumiki tena, hata kama haina ufa, kwa kuwa povu lake hufanya kazi mara moja. Kata kamba zake kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota na kuivaa.